Nani Alimponya Sikudhani?

Nyamazeni kidogo, nina kesi ya kuamuliwa na nyinyi.

Huko nyuma ya Muheza walikuwepo watu watatu. Kiondo, mtaalamu wa maabara, alikuwa na jicho lisilochoka. Mkunde alikuwa na pua ya kunusa siri. Kaka yake Mkunde, Shemzigwa, dereva wa trekta, hakuwa na kipaji kikubwa, ila akibanwa sana husema kweli.

Shemzigwa alikuwa amemuoa Sikudhani, msusi wa mikeka. Mwaka wa kwanza wa ndoa mke akaanza kuwashwa sehemu za siri, na uchafu wenye harufu ukamtoka. Zahanati wakampa dawa ya fangasi. Haikusaidia. Wakampa nyingine, hali ikawa ileile. Sikudhani akaanza kunusa mashati ya mumewe. Mume akicheka na simu, anaulizwa, "Nani huyo?"

"Mbona unaumwa wewe," mume akamgeuzia kibao, "na mimi mzima?"

Sikudhani akaenda hospitali kubwa. Kiondo akaweka sampuli kwenye darubini papo hapo, akaitazama mpaka akaviona vimelea vikichezacheza.

"Dada, hii si fangasi. Ni trikomona, inaambukizwa kwa kujamiiana. Mezeni dawa wote wawili siku saba, na msikutane mpaka mmalize. Mwanamume anaweza kukaa nayo muda mrefu asijue."

"Kwa hiyo kaileta yeye?"

"Darubini haionyeshi hilo, dada."

Sikudhani akameza zake. Mume akaapa kwamba na yeye kameza. Haukupita mwezi, ugonjwa ukarudi.

Siku moja Mkunde, akitafuta kamba chini ya kiti cha trekta, akakuta vidonge vyote vimo kwenye pakiti. Angeweza kumsitiri kaka yake. Akavipeleka kwa mke. "Wifi, yule ni damu yangu, lakini hivi unapaswa kuviona."

Sikudhani akavimwaga mbele ya mumewe. Shemzigwa akainama.

"Sikumeza. Niliona nikimeza nitakuwa nimekiri."

"Umekiri nini?"

"Kabla yako nilikuwa na mtu. Tangu nikuoe, hakuna."

Sikudhani hakujua aamini lipi. Wakachukua dawa upya, na safari hii mume alimeza kila kidonge mbele ya macho yake. Baada ya miezi mitatu Kiondo akapima tena, hakuona kitu.

Kwa furaha Sikudhani akatoa mkeka wa rangi aliokuwa amekataa kuuza, amzawadie aliyemponya.

"Nimpe Kiondo," akasema, "aliyeujua ugonjwa?"

"Aliujua, na bado ulirudi," Mkunde akadakia. "Mimi ndiye niliyefichua."

Shemzigwa akasema kwa sauti ndogo, "Nisingemeza, mngekuwa bado mnahangaika."

Sikudhani akamkazia macho. Huyu ndiye aliyemponya, au ndiye aliyemuumiza? Na yule mtu wa zamani, ni wa zamani kweli?

Mkeka ni mmoja, na haukatwi. Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote: ungempa nani?