Ramani Isiyokosea

Tajiri Lugembe alitandaza mbele ya diwani ramani kuukuu, iliyochorwa na Mzungu aliyepita mbio. Palipo na boma la Nyamizi, mfuga ng'ombe, paliandikwa "pori tupu".

"Umeona, mama? Hapa hapakai mtu. Hama."

"Labda imekosea, tajiri."

"Haikosei hata unywele."

Nyamizi aliikodolea macho ile ramani, akashusha pumzi. "Basi nitahama. Ila ng'ombe wangu waruhusiwe kunywa kwenye ziwa hili lililochorwa."

Lugembe, ambaye hakuwahi kuona ziwa wilaya nzima, alicheka. "Wanywe mpaka wapasuke. Diwani shahidi."

Kesho yake ng'ombe walijaa sebuleni kwa Lugembe, mmoja akitafuna pazia.

"Nyamizi, una wazimu?"

"Ni ramani yako, tajiri. Kochi lako liko katikati ya ziwa. Kama imekosea, sema. Diwani yuko hapo mlangoni."