Mbiu ya Nyumba Kubwa na Ndogo

Hapo zamani, enzi ambazo mtu aliweza kuingia kwa jirani bila hodi akapakuliwa wali, palikuwa na mji uitwao Mtangani, na mji huo ukitawaliwa na Sultani Nassib, mtu mpole hazina yake ikijaa na mkali ikipwaya. Mwaka huo ilipwaya vibaya. Basi akatoa amri kwamba kila mwenye nyumba, kubwa na ndogo, aje barazani aitaje mbele ya Sultani na kuilipia kodi; na nyumba isiyotajwa itakuwa mali ya Sultani.

Mpiga mbiu akazunguka na pembe yake sokoni, forodhani na mlangoni pa msikiti, akatangaza, na wanaume wakasikia, wakaja barazani na kanzu zao zimepigwa pasi. Karani akawauliza mmoja baada ya mwingine, "Bwana, una nyumba ngapi?" Ikawa ajabu! Hata wale matajiri ambao majumba yao yaliziba upepo wa mitaa mizima, kila mmoja alikuwa na nyumba moja tu. Na ile ya Kichangani je? Ah, ile ya mpwa wangu. Na ile ya Bondeni? Ya marehemu shangazi, Mungu amrehemu. Na ile mpya, ya ghorofa? "Wallahi hata mimi nashangaa, bwana karani, niliamka nikaiona imesimama."

Waziri Sharwani, ambaye naye alitaja moja, na huyo nitamrudia, akaona fedha haipatikani, na rafiki zake hataki kuwagusa. Basi akanong'ona sikioni mwa Sultani kwamba kila chenye paa ni nyumba. Sultani akaitikia bila kufikiri. Hapo ndipo maskini walipokiona cha mtema kuni, maana jiko la uani likawa nyumba, choo kikawa nyumba, na banda la kuku nalo likawa nyumba.

Sasa katika mji huo alikuwapo mtu mmoja jina lake Machano, fukara wa kutupwa, kazi yake kuchekesha watu arusini na ujira wake sahani ya pilau. Alikuwa na kibanda cha udongo alichokikandika yeye na mkewe, Mwanasha, kwa mikono yao wenyewe. Na Mwanasha alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia. Wakaja watu wa Waziri, wakazunguka uani, wakahesabu, wakasema, "Mna nyumba nne. Msipolipa kufikia Ijumaa, mtatoka."

"Nne!" akasema Mwanasha. "Mimi nalala nimekumbatia ndoo ya kukinga mvua, kumbe nina nyumba nne! Hizo tatu ziko wapi, nihamie leo leo?" Walipokwisha kuondoka akaacha mzaha, akakaa kizingitini akalia. "Machano, mume wangu, mtoto huyu nitamzalia wapi? Barabarani?"

Machano alikuwa hodari wa maneno. Akavaa kofia yake akaenda barazani.

"Maulana," akasema, akainama mpaka kofia ikaanguka, "nimekuja kushukuru. Nimelala maskini nimeamka na majumba manne. Ila moja limejaa kuku, nao hawataki kuhama. Naomba amri yako iwafikie."

Sultani akacheka, Waziri akanuna. "Machano," akasema Sultani, "matajiri wote kila mmoja ana nyumba moja, nawe unazo nne. Basi tajiri wa Mtangani ni wewe."

"Laiti, Maulana! Wapo wenye nyingi kuliko mimi, ila ndimi zao nzito."

Hapo Waziri akadakia, "Kama anawajua, Maulana, na awalete! Na wakiri wenyewe, kwa vinywa vyao, pasipo kulazimishwa wala kupigwa."

"Vema," akasema Sultani. "Umesikia, Machano. Mpaka Ijumaa nataka matajiri waje wakiri wenyewe nyumba zao zote. Nawe usiwaambie neno ila amri yangu kama nilivyoitoa. Usiongeze wala usipunguze. Ukiweza, kibanda chako hakitatozwa kodi maisha. Ukishindwa, toka na mkeo."

Waziri akacheka kichini chini, maana amri hiyo matajiri walikwisha kuisikia na haikuwatikisa hata ukope.

"Naomba pembe ya mbiu tu, Maulana," akasema Machano.

Akapewa. Basi unadhani alikwenda sokoni? Thubutu! Alikwenda kisimani, wanawake wanakoteka maji. Kutoka hapo akaenda penye arusi, akasimama nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, wanawake wanakomenya vitunguu na kusema watu. Kisha akazunguka madirisha ya jikoni ya majumba makubwa, hata la kasri. Kila mahali akapuliza pembe, akatangaza amri ile ile, neno kwa neno: "Kila mwenye nyumba, kubwa na ndogo, aje barazani aitaje mbele ya Sultani! Na nyumba isiyotajwa itakuwa mali ya Sultani!" Ila akifika kwenye "na ndogo" alikuwa akimeza mate kidogo, kama mtu anayeona haya.

Nanyi mnajua nyumba ndogo ni nini. Msinitazame hivyo, mnajua! Wanawake wa Mtangani nao walijua. Visu vikasimama kwenye vitunguu. Maana hawajawahi kupigiwa mbiu tangu mji uanze, na leo wanapigiwa, wanaambiwa waume zao wakawataje wanawake wa nje mbele ya Sultani!

Ijumaa ilipofika baraza halikutosha. Wa kwanza kuingia alikuwa Bwana Mwinchande, tajiri wa ubani, amekamatwa ukosi wa kanzu na mkewe, Bi Mwanakheri.

"Haya, itaje!" akasema Bi Mwanakheri. "Itaje hiyo nyumba ndogo yako ya Kichangani, unakokwenda kila Alhamisi umejifukiza udi!"

"Si ndogo, mke wangu!" akalia Mwinchande, jasho linamtiririka. "Maulana, nishuhudie! Ni kubwa! Kubwa mno! Ya mawe na chokaa, na ghorofa juu!"

"Si ulisema ya mpwa wako?" akauliza Sultani.

"Mpwa gani, Maulana? Mimi sina hata mpwa! Ni yangu, nimeipangisha, Alhamisi nakwenda kudai pango! Na ya Bondeni yangu, na bohari la forodhani langu! Karani, andika, mbona husikii!"

Basi wakaanza kugombania kukiri. Huyu anataja tatu, yule tano, wanamsukuma karani, wanamshikia wino, kila mmoja anaapa kwamba zake ni kubwa na zina mpangaji mwenye ndevu. Waziri Sharwani alijaribu kupenya mlango wa nyuma, akamkuta mkewe amesimama hapo hapo. Akarudi mwenyewe, akataja mtaa mzima.

Sultani alicheka mpaka akashika mbavu. "Machano!" akasema. "Umeongeza neno gani?"

"Hata moja, Maulana. Ulisema kubwa na ndogo, nami nikasema kubwa na ndogo. Ila mbiu yako ilikuwa ikipita kwa waume tu."

"Basi kibanda chako ni chako, wala hakitozwi kodi. Na kuanzia leo nyumba ni pale watu wanapolala. Jiko ni jiko na choo ni choo. Haya, yupo katika mji huu ambaye hajataja?"

Nyuma ya pazia, wanakokaa wanawake wa kasri, mtu akakohoa. Alikuwa Bibi Zuwena, mke wa Sultani.

"Yupo mmoja, Maulana," akasema kwa adabu zote. "Ile ya Bustanini, unakokwenda kupunga upepo. Ni kubwa, au ni ndogo?"

Sultani akageuka rangi. Akamtazama Waziri, Waziri akatazama dari. Akamtazama Machano, Machano akainama kutafuta kofia yake.

"Karani," akasema Sultani kwa sauti ya chini, "andika. Ni kubwa. Ya mawe na chokaa."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi Zuwena. "Kama ni kubwa, nahamia kesho na dada zangu wote."

Sultani akalipa kodi ya Bustanini mbele ya watu, kama Mwinchande, na hakucheka tena siku hiyo.

Machano akarudi nyumbani mbio. Mwanasha aliposikia kwamba atazalia chini ya paa lake, akamshika mumewe akalia kwa furaha, akacheka, akalia tena. Kisha akafuta machozi, akauliza:

"Na wewe, karani alipokuuliza, ulisema unazo ngapi?"

"Moja, mke wangu."

"Apa."

Na Machano, aliyewashinda Sultani na Waziri wake, akavua kofia akaapa upesi upesi.