Digidigi na Baragumu Lililochelewa

"Wenzangu, masikio mnayo?"

"Tunayo, leta!"

"Na leso za machozi?"

"Leta tu!"

Hapo kale, kale za kompyuta, wanyama wa bondeni walikuwa na seva moja, kompyuta kuu ya wote. Ilihesabu mazao, ilipiga ngoma za harusi, na ilichungulia mto. Mto ukivimba, baragumu hulia, kila mtu hukimbilia mlimani. Mlinzi wa seva alikuwa Bi Digidigi, mama wa binti mmoja tu, Tunu.

Seva ina kumbukumbu, ndiyo meza yake ya kazi. Meza ikijaa, vingine husogezwa kwenye diski, ndiyo ghala la nyuma. Bi Digidigi akauliza baraza la wanyama: ghala liwe kubwa kiasi gani?

Nyati akasema ghala ni la waoga. Wakaiacha seva bila ghala. Siku ya mavuno meza ikafurika. Seva, kwa kukosa pa kuweka, ikaiua kazi iliyonenepa kuliko zote. Ilikuwa ile ya kuchungulia mto. Maji yakaja kimya, yakabeba mihogo yote.

Kiboko, asiyejua kiasi hata cha tumbo lake, akasema, "Tia ghala kubwa, dada. Kikubwa hakimdhuru mtu."

Bi Digidigi alitaka kupima mzigo kwanza. Wakamcheka: mwenye miguu kama njiti atapima nini? Akanyamaza, akatoa nusu ya diski iwe ghala.

Ikaja harusi ya Ngiri. Mazao, ngoma, mto, vyote vikajazana. Hakuna kilichouawa, ila seva ikageuka mchukuzi: toa mezani, peleka ghalani, toa ghalani, rudisha mezani. Kubeba kukawa ndiyo kazi. Baragumu likalia, naam, likalia vizuri kabisa. Maji yalikuwa yameshapita. Tunu alikuwa mtoni, kwenye kisiwa cha mchanga, akila majani. Maji yalipopungua, kisiwa kilikuwa kitupu.

Mara ya tatu Bi Digidigi hakuuliza mtu. Siku ya pilikapilika alikaa akatazama kila kazi inakula kiasi gani. Akaongeza kumbukumbu, meza ikatosha. Ghala akaliacha dogo, la dharura.

Masika yaliyofuata baragumu likalia mapema. Wote wakapona. Kiboko akaja, kichwa chini.

"Dada, leo limewahi."

"Limewahi," akajibu, macho kwenye mchanga. "Nenda kamwambie Tunu."

Basi, wenzangu, pima mzigo kabla hujajenga ghala. Na ajuaye kupima asinyamazishwe na kicheko.

Hadithi yangu imeshuka na maji, atakayeiokota aianike.