Mvua Iliyopiga Hodi na Kupita

Kaeni mkao wa kusikia, wala msisinzie, kwa maana mwisho wa hadithi hii nitawadai jibu.

Katika kijiji cha Kwemvule, huko milimani Usambara, walikuwako watu watatu wenye vipawa vitatu. Hoza, mchimba visima, aliijua ardhi kama mama anavyoujua mwili wa mwanawe. Bi Saumu, karani mstaafu wa posta, alikuwa na kalamu. Na Mwantumu, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na sauti ambayo hata mashine yake haikuweza kuifunika.

Kila Alhamisi Bi Saumu aliandika ukurasa mmoja juu ya majira na maisha, akaubandika kwenye mlango wa mashine. Kipupwe kilipoingia, aliandika kwamba waume wa Kwemvule wamekumbuka tena kuwa majumbani mwao kuna jiko. Kiangazi aliandika kwamba kila mtu ni hodari wa kuipangia kazi mvua asiyokuwa nayo. Watu walisoma, wakacheka, wakajitwika unga wao wakaenda. Jambo hilo lilimuuma kidogo. Miaka sita ya kuandika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya lolote kwa sababu ya maneno yake.

Mwaka mmoja mvua ikawahi, ikanyesha katikati ya Februari siku nne mfululizo. Mavuno yaliyopita yalikuwa haba, na kila nyumba ilibakiwa na mbegu ya kupanda mara moja tu. Watu wakashika majembe. Bi Saumu naye akapanda nusu ya shamba lake, tena akiimba.

Siku ya tano akaja Hoza, mdogo wa marehemu mumewe, miguu imejaa tope. Alikuwa akichimba kisima bondeni, na alichokiona huko hakikumpendeza. Unyevu uliishia kiganja kimoja tu. Chini yake udongo ulikuwa mkavu kama unga. Kumbikumbi nao, ambao huruka masika yanapoingia, walikuwa hawajaruka. Mvua hii haikuwa ya masika. Alikwisha kuwaambia watu kumi, na wote kumi walimcheka, maana mwaka uliotangulia alitabiri mafuriko yakaja manyunyu.

"Shemeji, mimi wameshanizoea," alisema. "Andika wewe."

Kwa Bi Saumu, kumwamini Hoza kulikuwa sawa na kukubali kwamba nusu ya mbegu zake zimekwenda. Alichukua jembe, akafukua shambani mwake mahali patatu, na mahali pote patatu akakuta vumbi. Alikaa juu ya tuta kwa muda, mikono magotini. Kisha akaingia ndani akaandika:

"Mvua hii ni mgeni aliyepiga hodi, akanywa maji, akaenda zake, nasi tumeshachinja kuku. Mahindi yangu nusu yako ardhini yanamngoja. Nusu nyingine nimeifungia kabatini. Fungieni na ninyi mbegu zenu, mpaka kumbikumbi waruke."

Hapo angeweza kuweka kalamu chini. Lakini hofu ilimshika, akaongeza mstari mmoja: "Ila mimi ni karani tu. Fanyeni mnavyoona."

Asubuhi Mwantumu aliukuta ukurasa ule mlangoni, na foleni ya kusaga imefika barabarani. Yeye hakuwa na shamba, wala hakujua tope la masika na tope la kupita yanatofautianaje. Aliusoma kimya, akausoma tena, kisha akazima mashine. Watu wakanung'unika. Akapanda juu ya gunia na kuwasomea kwa sauti, neno baada ya neno, mpaka kwenye kumbikumbi. Akaishia hapo, akaikunja karatasi.

Mzee mmoja akauliza, je, mvua ikiendelea na wao wamekaa na mbegu ndani, nani atajibu?

"Nitajibu mimi," Mwantumu alisema. "Mashine haina miguu. Mtanikuta hapa hapa."

Bi Saumu alikuwa amesimama nyuma ya watu na kikapu chake. Alisikia kwamba mstari wake wa mwisho umerukwa. Angeweza kuinua mkono akasema. Hakusema.

Nyumba arobaini zilifungia mbegu, zilizobaki zilipanda. Kesho yake mawingu yakatawanyika, na jua likawaka wiki tano. Miche ikachomoza, ikawa njano, ikakatika. Mwisho wa Machi kumbikumbi wakaruka hata wakazima taa majumbani, na masika yenyewe yakaingia. Zile nyumba arobaini zikapanda sehemu ya mbegu zao, na zilizobaki zikawapimia bakuli bakuli waliopoteza, Bi Saumu akiwemo, na kijiji jirani pia. Agosti hapakuwa na dari isiyokuwa na mahindi.

Ndipo kijiji jirani kikaleta shukrani: mtamba mmoja wa ng'ombe, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, awe wa yule aliyeokoa mbegu.

Mkutano ukaitwa. Wengine walisema ni wa Hoza, kwani bila yeye pasingekuwa na la kuandika. Wengine wakajibu kwamba Hoza aliwaambia watu kumi na hakumzuia hata mmoja. Ni maneno ya Bi Saumu yaliyowashika. Bi Saumu alimtazama yule mtamba, na ukweli ni kwamba alimtaka. Alikwisha kuchagua mahali pa banda. Hata hivyo alisimama, akausema ule mstari wake wa mwisho mbele ya wote.

Kisha kundi la tatu likaibuka: mtamba ni wa Mwantumu, maana karatasi iliwaacha watu wafanye wanavyoona, na aliyethubutu kujibu ni yeye. Mwantumu akakataa. Alisema yeye alisoma tu yaliyoandikwa.

"Si yote," alisema Bi Saumu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka.

Mpaka leo mtamba yuko uani kwa mwenyekiti wa kijiji, akinenepa. Hoza humletea maji, Bi Saumu majani, Mwantumu pumba, na kila jioni watatu hao hukutana hapo wakisukumiana haki ile kama watu wanaogombea kulipa chai. Ijumaa hii waliomleta wanarudi kusikia jina moja.

Basi, ninyi mliokaa macho: aliyejua, aliyeandika, au aliyethubutu? Kamba ya mtamba mngemkabidhi nani?