Kipande cha Chemchemi

Mwaka ule mvua ilikatika mapema, na mto wa bondeni ukabaki tope. Watoto wa wanyama, kwa kutojua, waliendelea kung'oa matete na kuchezea maji machache yaliyosalia. Simba, mkubwa wao, akamwagiza Sungura atunge mchezo wa kuwafundisha.

Sungura alichora mto wote juu ya gome pana, kisha akalikata vipande tisa. Kimoja kilikuwa cha msitu, kingine cha chemchemi, kingine cha matete, hivyo hivyo hadi bwawani. Mtoto akiviunga, angeona maji yanavyosafiri. Simba alitaka sura yake ikae katikati. Sungura alimshukuru kwa wazo hilo, akaichora pembeni, ikinywa maji.

Fisi alipouona mchezo huo alishikwa na wasiwasi. Siku nyingi alikuwa ameiziba chemchemi ya mlimani kwa mawe na matawi, apate kunywa na kuoga peke yake. Akaenda kwa Simba na kudai kwamba vipande tisa ni vingi mno, watoto wataumwa vichwa. Simba, ambaye hakupenda kuonekana hajui mambo ya watoto, akakubali kimoja kiondolewe. Fisi akakichagua mwenyewe cha chemchemi, akakitafuna.

Sungura hakubishana. Aliliacha pengo lilivyo.

Kesho yake watoto wote walikwama mahali pale pale. Kimiba, binti wa Nungunungu, alivigeuzageuza vipande, kisha akauliza, "Mjomba Sungura, mtoni maji yanaingia kutoka wapi?"

"Picha haisemi," Sungura akajibu. "Lakini mto wenyewe upo. Twende tukautazame."

Waliufuata mkondo mkavu hadi mlimani, Simba na wazazi wakiwa nyuma yao. Wakamkuta Fisi amejilaza majini hadi kidevuni, anaimba.

"Shikamoo, mjomba Fisi," Kimiba akasema. "Kumbe maji yako kwako."

Watoto wakaanza kuondoa mawe. Maji yalishuka kwa kishindo, yakamzoa Fisi mzima mzima na kumbwaga kwenye tope la bwawani, huku bonde zima likicheka.

Simba, aliyeona haya kidogo, aliamuru Fisi apande matete kando ya mto, watoto wakimsimamia. La kwanza alilipanda kichwa chini, na Kimiba akamrekebisha kwa adabu. Hapo ndipo Fisi alipojua kwamba ukiwaficha watoto jambo, ndilo watakaloliuliza kwanza.