Kitambaa cha Tausi

"Uzi uliokatika huvuta wa jirani." Ndivyo alivyosema Bi Mwanne, msimamizi wenu, jana pale ukumbini, alipowakuta mkimcheka mwenzenu aliyeondolewa kwenye igizo lenu. Kisha mkaja kwangu kuuliza maneno yale yametoka wapi. Mngemuuliza mwenyewe, lakini mnamwogopa, na kwa hilo siwalaumu. Basi kaeni. Mnaigiza habari za kiwanda cha nguo, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusikia mashine ikifuma. Methali hii ilianza hivi.

Katika ukumbi wa kufumia, mashine zilikuwa mamia, zikipiga kwa pamoja, na kelele zake zilimfanya mtu asisikie hata kikohozi chake mwenyewe. Wafumaji walizungumza kwa mikono na midomo. Humo ndimo Siwema na Tausi walimokaa ujirani kwa miaka kumi na mmoja. Siwema alikuwa na mashine zake nne upande huu, Tausi nne zake upande ule, na katikati kijia cha kupita mtu mmoja. Walikuwa chanda na pete. Siwema alipofiwa na mama yake, Tausi alilala naye mkekani siku zote za matanga.

Kazi yenyewe ilikuwa vita na nyuzi. Uzi ukikatika, unaufunga fundo papo hapo. Ukiuacha, ile ncha inayoning'inia hujisokota kwenye uzi wa pembeni na kuukata nao, huo hukata wa tatu, na ukija kugutuka nguo ina tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Mashine zile za zamani hazikuwa na akili ya kusimama zenyewe. Kwa hiyo kila mgeni wa kazi aliambiwa siku ya kwanza: funga mapema, uzi uliokatika huvuta wa jirani. Wakati huo haikuwa methali. Ilikuwa kanuni ya kazi tu, kama kumwambia mpishi asiache chungu wazi.

Palikuwa na desturi pia. Mfumaji akitaka kwenda msalani, au kunyonyesha kwenye chumba cha watoto kule getini, alivua kitambaa chake cha jasho shingoni akakitundika kwenye mashine ya jirani. Maana yake: nyuzi zangu sasa ni zako. Jirani hakuulizwa kama anakubali.

Ikaja siku ya tangazo. Meneja alisimama juu ya kreti akasoma karatasi: kuanzia mwezi ujao mtu mmoja ataangalia mashine nane. Kwa kila majirani wawili atabaki mmoja, yule ambaye nguo zake zitakutwa na makosa machache kwa wiki tatu. Akaikunja karatasi, akaenda kunywa chai.

Siwema alifikiria nyumbani kwake. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa na tangu hapo mgongo haukumruhusu hata kubeba ndoo, na nyumba nzima ilikula kwa mikono yake. Lakini Tausi naye alikuwa na mtoto anayenyonya, na mume aliyekwenda kutafuta kazi migodini hakuwa ameleta habari tangu masika.

"Shoga, tufanye kazi kama kawaida," Tausi alimwambia jioni ile wakitoka. "Atakayebaki ndiye Mungu aliyempangia."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa ni kitambaa, Siwema. Unaniuliza nini?"

Wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kulazimishana.

Kila Jumamosi Mzee Kobelo wa meza ya ukaguzi aliandika makosa kwa chaki ubaoni. Wiki ya kwanza Siwema alikuwa na sita, Tausi matano. Wiki ya pili jumla yao ikalingana, kumi na moja kwa kumi na moja. Ukumbi mzima ulikuwa umebadilika. Watu waliobebeana maiti sasa walichunguliana nguo. Siwema naye, Mungu amsamehe, alianza kufurahi moyoni kila alipoona uzi wa Tausi unakatika, na furaha ile ilimtia hofu.

Alhamisi ya wiki ya tatu alitundika kitambaa kwa Tausi akaenda msalani. Aliporudi alikuta kosa kwenye nguo yake, refu kama kidole. Tausi alikuwa akimwashiria kitu kwa mikono, akijigusa kifua, akionyesha upande wa meza ya ukaguzi. Siwema hakutaka kuangalia. Aligeuza uso. Jioni Tausi alimsubiri getini, Siwema akapitia mlango wa stoo. Ameniachia makusudi, alijiambia njia nzima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, ikiwa imebaki saa moja king'ora kilie, mtu alikuja kumwita Tausi, mtoto analia. Tausi alivua kitambaa chake, kile cha njano chenye pindo lililofumuka. Alisita nacho mkononi. Kisha akakitundika kwenye mashine ya Siwema kama alivyofanya miaka yote, akaondoka mbiombio.

Uzi ukakatika kwenye mashine ya pili ya Tausi.

Siwema aliuona. Hatua tatu tu, na fundo lenyewe vidole vyake vingelifunga hata akiwa usingizini. Alimfikiria mumewe pale kitandani, akafikiria kosa la Alhamisi. Akainama kwenye mashine yake mwenyewe, akawa anapapasa uzi ambao haukuwa na neno. Aliposimama, ule uliokatika ulikuwa umeshavuta wa pili na wa tatu, na nguo ya Tausi ilikuwa inachanika mbele ya macho yake.

Tausi alirudi kifua kimeloa maziwa. Akaizima mashine, akaja akazima na ile iliyokuwa karibu na Siwema, akamsogelea mdomo sikioni wapate kusikilizana.

"Uliuona?"

"Nilikuwa na kazi yangu."

"Sikuuliza kazi, Siwema. Nimekuuliza, uliuona?"

"Na wewe Alhamisi wangu hukuuona?" Siwema alifoka. "Unadhani mimi mjinga?"

Tausi alimtazama kama anayemtafuta mtu aliyekuwa akimfahamu. "Alhamisi zilikatika mbili kwa mpigo, wako na wangu. Mkono ulizoea, ukaanza na wangu. Nilipoona nimechelewa, nilikwenda kwa Mzee Kobelo nikamwambia lile kosa ni langu, aliandike kwangu. Nilikuonyesha kwa mikono. Nikakusubiri getini."

Tausi akaenda zake, na kitambaa akakiacha pale pale kilipotundikwa.

Jioni ubao ulisomeka: Siwema kumi na nne, Tausi kumi na sita. Siwema alihesabu mara ya pili, akaona giza. Lile kosa la Alhamisi peke yake lilitosha kumwondoa Tausi. Hata kama angeufunga ule uzi, yeye Siwema angebaki. Alikuwa amemtosa shoga yake bure.

Akapewa mashine nane. Ng'ambo hakuwa na jirani tena, na wale wa safu za mbali, wenye nane zao, walipomwona anakuja na kitambaa waligeuza nyuso. Habari zilikuwa zimewafikia. Alibana mkojo mpaka tumbo likauma. Nyuzi zilikatika huku akifunga kule. Wiki ya saba meneja alimwita, akamwambia nguo zake zimezidi matundu.

Alikifua kile kitambaa cha njano, akashona pindo lake, akaenda. Alimkuta Tausi uani mbele ya karai la mafuta, akikaanga maandazi ya kuuza. Tausi hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Wamenitoa na mimi," Siwema alisema, akimnyooshea kitambaa. "Nilikukosea, Tausi. Niliuona."

Tausi aligeuza andazi moja, halafu jingine.

"Uzi uliokatika huvuta wa jirani," alisema. "Tulifundishwa siku moja mimi na wewe, kwenye benchi moja. Ulidhani wanasema nguo tu?"

Siwema akalia waziwazi. Hapo mtoto naye akaanza kulia ndani. Tausi alisimama, akachukua kile kitambaa mkononi mwa Siwema, akalitazama lile pindo lililoshonwa. Kisha akakitundika begani kwa Siwema, akaingia ndani kunyonyesha.

Siwema alikaa upesi kwenye kigoda cha Tausi. Aliyageuza maandazi yale machozi yakimtiririka, macho hayabanduki kwenye karai. Tausi alikawia sana huko ndani, na nadhani alikawia kwa kusudi. Aliporudi, hakuna hata moja lililoungua.

Basi nendeni mkamrudishe mwenzenu kabla igizo halijawachanikia mikononi. Na Bi Mwanne akiwauliza kama mmeelewa, mwambieni mmeelewa: uzi uliokatika huvuta wa jirani.