Laptopu ya Gwamaka Ni ya Nani?

Sogeeni karibu, na anayetafuna muhogo aumalize kwanza. Nikishasema yangu nitamuuliza kila mtu swali, na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Kule Tukuyu, ambako mvua ikikosa kunyesha siku mbili watu huanza kuulizana kulikoni, kuna mama mmoja aliyejaliwa watoto wanne. Wa kwanza ni Gwamaka, anafanya kazi mgodini, mbali na kwao. Wanaomfuata ni watatu, na hao ndio ninaotaka muwajue vizuri.

Lusajo alijaliwa sikio. Pikipiki ikipita barabarani, naye yuko ndani anakula, atakwambia mnyororo wake umelegea. Sekela alijaliwa mikono. Ni fundi cherehani, na vidole vyake vinaona hata pale macho yanaposhindwa. Atupele, kitinda mimba, alijaliwa kitu ambacho hata mama yake hakukipatia jina zuri: binti yule hajui kurudi nyuma. Ukimtuma, umemtuma.

Basi Jumatano moja Gwamaka alirudi nyumbani likizo, mkononi ana laptopu yake ya gemu. Ilikuwa nene, nzito kama tofali, na vitufe vyake viliwaka taa nyekundu. Aliinunua alipoanza kazi, akaichezea miaka minne bila kuipumzisha. Sasa aliiweka mezani kama mtu anayetua mzigo wa msiba.

"Hii imekufa," alisema. "Inawaka kidogo, inazimika. Fundi ameniambia bodi imeungua. Jumamosi nikiondoka nampelekea aivunje vipuri."

Wale watatu walitazamana. Lusajo alikuwa anaingia chuo mwezi unaofuata, kusomea elektroniki. Sekela alikuwa na daftari zima la mitindo ya nguo aliyoichora kwa penseli, akitamani siku moja kuichora kwa kompyuta. Atupele alikuwa hodari wa gemu la mpira kuliko vijana wote wa mtaa, lakini alicheza kwa zamu kwenye kibanda cha watu, na zamu yake ikiisha alisukumwa kando.

"Kaka, usimpelekee," Sekela alisema. "Tuachie sisi tujaribu."

Gwamaka alicheka. "Nyinyi? Haya. Basi langu linaondoka Jumamosi saa nane mchana. Mmoja wenu akiifufua kabla ya hapo, ni yake. Nasema mbele ya mama."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa, lakini alisikia.

Lusajo ndiye aliyeanza. Aliiwasha laptopu, akainamisha sikio. Feni ilivuma kwa nguvu zote kama mashine ya kusaga, na baada ya dakika tisa, kimya. Akaiacha ipoe, akaiwasha tena: dakika tisa, kimya. Akaisogeza dirishani kwenye upepo wa mvua: dakika kumi na mbili. Alirudia hivyo siku nzima na asubuhi ya Alhamisi, akiandika dakika kwenye karatasi, huku Gwamaka akimwambia aache kujichosha.

Halafu Lusajo aliweka kiganja mahali feni inapotolea hewa, na kingine chini ya laptopu. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Kaka," alisema, "kilichokufa hakifufuki kwa kupoa. Hii haijafa, ina homa. Chini inaunguza, lakini hewa inayotoka kwenye feni ni ya vuguvugu tu. Feni inapuliza bure. Joto halifiki kwenye feni."

Akawaeleza kwamba ndani, juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hupakwa ute mzito wa kijivu ambao mafundi huuita pesti. Kazi yake ni kulishika joto na kulipitisha kwenye mabomba ya shaba yanayolipeleka kwenye feni. Pesti ikikauka, joto linakwama.

"Nina hakika imekauka," alisema. "Lakini siwezi kuifungua. Mikono yangu inajulikana."

Ilijulikana kweli. Redio tatu za nyumba ile zilikuwa zimefia mikononi mwake.

Ikawa zamu ya Sekela. Alitandika kanga nyeupe mezani, akachora umbo la laptopu kwenye kipande cha boksi. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye mchoro, mahali palepale ilipotoka, maana zilikuwa ndefu na fupi, na ndefu ikiingia kwa fupi inatoboa bodi. Skrubu ya tisa ilikuwa imekwisha meno, bisibisi inateleza tu. Gwamaka akasema, "Basi, imetosha."  Sekela alikata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akakilaza juu ya skrubu, akakandamiza bisibisi juu yake na kuzungusha polepole. Ikalegea.

Mfuniko ulipofunguka, jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa waya wa betri. Kisha akachomoa nyaya za feni, nyembamba kama uzi wa kushonea, kwa ncha ya kucha. Vumbi lilikuwa limetanda kwenye feni kama blanketi. Yale mabomba ya shaba yalikuwa yamegandia kwenye prosesa, na mtu mwingine angevuta kwa nguvu. Sekela aliyatikisa kidogo kulia, kidogo kushoto, pumzi ameibana, mpaka yakaachia yenyewe.

Lusajo hakukosea. Pesti ilikuwa imekauka, imepasuka kama ukoko wa ugali. Sekela aliifuta kwa pamba na spiriti hadi prosesa ikang'aa kama kioo.

"Sasa tunahitaji mpya," alisema. "Na Tukuyu nzima nimeshauliza. Hakuna."

Atupele alikuwa ameshavaa viatu.

Mama alimzuia alale kwanza. Ijumaa alfajiri alipanda gari kwenda Mbeya. Alizunguka maduka matano. La kwanza hawakuwa nayo, la pili walimpa gundi ya kawaida akaikataa, la tatu na la nne walimwambia aje Jumatatu. La tano walikuwa na bomba moja dogo la pesti, kama la sindano, la mwisho. Akalifunga kwenye leso, akalitia kifuani.

Kurudi, gari lilifika Kiwira likasimama. Mvua ilikuwa imeangusha kilima, barabara imezibwa na udongo.

"Tunageuza," dereva alisema. "Anayetaka kulala Mbeya akae, kesho labda watafungua."

"Labda?" Atupele aliuliza.

"Ndiyo, dada. Labda."

Akashuka. Alipita kando ya maporomoko, juu, kwenye migomba, huku udongo ukimfika magotini. Kiatu kimoja kilibaki humo. Upande wa pili hapakuwa na gari lolote, akatembea. Alifika nyumbani jioni. Alifungua leso, akaweka bomba mezani, ndipo akakaa chini na kulia kidogo, kwa sababu miguu ilimuuma.

Gwamaka, aliyekuwa akicheka tangu Jumatano, siku hiyo hakucheka. Alichemsha maji, akamwosha mdogo wake miguu.

Jumamosi asubuhi, kwenye mwanga mzuri, Sekela alidondosha pesti kiasi cha punje ya harage, akarudisha mabomba ya shaba, akakaza skrubu kwa kupishanisha pembe kwa pembe. Alifunga kila kitu. Kwenye boksi haikubaki hata skrubu moja.

Gwamaka akaketi, akafungua gemu zito kuliko yote. Dakika ya tisa ilipita. Ya kumi na mbili ikapita. Mama aliacha kupepeta mchele. Lusajo alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

"Inapumua," alisema kwa sauti ndogo.

Ilipofika saa nzima hewa ya moto ilikuwa inatoka kwenye feni kama mvuke wa chungu, na laptopu haikuzimika. Wote wanne walirukaruka kama watoto. Halafu wakakumbuka ile ahadi, wakatulia.

"Laptopu si mkungu wa ndizi kwamba tugawane vichana," Gwamaka alisema. "Lusajo unakwenda chuo, Sekela uko hapa na cherehani yako, na Atupele baada ya mwezi unakwenda kwa shangazi Sumbawanga. Nilisema mmoja."

"Fundi aliiandikia kifo," Lusajo alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Bila hivyo Sekela angefungua nini, na Atupele angefuata nini?"

"Kuujua ugonjwa si kuutibu," Sekela alijibu. "Ungeifungua wewe, kaka, leo tungekuwa tunaizika. Na pesti ingekaa kwenye leso hadi ikauke."

Atupele alikuwa bado amefunga kitambaa kwenye mguu. "Nyinyi mkichoka mlikuwa mmekaa kwenye kiti," alisema. "Mimi niliambiwa nigeuze, na hakuna ambaye angenilaumu. Sikugeuza."

Gwamaka akamgeukia mama. "Mama, nisaidie."

"Kinywa kilichoahidi ndicho kitakachotimiza," mama alisema.

Saa saba na nusu. Begi la Gwamaka liko begani, laptopu iko mikononi mwake, bado ina joto la kuchezwa. Ndugu zake watatu wamesimama mlangoni wakimtazama, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo.

Simama wewe hapo alipo. Ungemkabidhi nani? Na wale wawili ungewaambia neno gani?